Mkutubi Naye Ajifunze Kuuliza

Wazee walituachia neno kwamba kuuliza si ujinga. Kwa muda wa miaka mingi nilidhani neno hilo liliwekwa kwa ajili ya wasomaji wanaokuja maktabani, wala halikunihusu mimi niketiye nyuma ya meza. Msomaji huuliza na mkutubi hujibu: ndivyo nilivyoifahamu kazi yangu. Leo napenda kuwaeleza wenzangu wa Kisii na Nyamira, na wote wanaotumika katika maktaba za umma, jinsi mafunzo niliyoyapata katika mkutano wa wakutubi yalivyonionyesha kosa langu, na jinsi kosa hilo lilivyomtia hasarani mama mmoja mjane. Mama huyo ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kijiji chake, nami nimelishika sharti hilo.

Yafaa nianze kwa kukiri nia niliyokwenda nayo. Barua ya kunialika ilipofika, jambo la kwanza nililolitafuta ndani yake lilikuwa posho, na la pili cheti. Mkutano ulikuwa Mombasa, nami tangu kuzaliwa kwangu sikuwa nimeiona bahari. Nilipanda basi mjini Kisii jioni, mvua ikinyesha juu ya migomba kama ilivyo desturi ya kwetu, na moyoni nilijiona kama mtu anayekwenda kupumzika. Sikuwa na swali hata moja nililolibeba kutoka maktabani ili nikaliulize huko.

Mikutano ya namna hii haikuanzishwa kwa ajili ya posho. Kazi ya maktaba katika nchi zetu imejengwa na watu waliolazimika kujifunza huku wakitenda. Baada ya East African Literature Bureau kuundwa mwaka 1948, vitabu vilipelekwa kwa wasomaji wa mashambani ndani ya masanduku, na vingine kwa njia ya posta. Mwaka 1963 chuo cha kuwafundisha wakutubi wa Afrika ya Mashariki kilianzishwa Makerere, Uganda. Mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba za Taifa la Kenya, na mwaka 1984 wakutubi wa pande zote za dunia walikutana Nairobi katika mkutano wa shirikisho lao, IFLA. Katiba ya mwaka 2010 nayo imezitia maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Katika muda huo kazi imebadilika mara nyingi, na yule aliyetoka chuoni zamani hawezi kuyajua yote asipofundishwa tena. Ndiyo sababu mikutano hutenga saa za mafunzo, mbali na hotuba na salamu za wakubwa.

Alasiri ya siku ya pili tulipewa vipindi vitatu, kila kimoja katika chumba chake, tukaambiwa kila mtu achague. Kimoja kilikuwa cha kutumia programu ya kompyuta iitwayo Koha katika kuorodhesha na kuazimisha vitabu. Cha pili kilihusu vitabu vya kielektroniki. Cha tatu kilikuwa na jina lisilovutia: Mazungumzo ya Mkutubi na Msomaji. Nilikimbilia kile cha kwanza, kwa kuwa siku hizi mtu ajuaye kompyuta huheshimiwa ofisini. Nilipofika nilikuta viti vyote vimejaa na watu wengine wamesimama ukutani. Basi nikaenda katika kile cha tatu, ambako tulikuwa watu kumi na wawili tu. Nakiri kwamba niliketi karibu na mlango ili niweze kutoka bila kuonekana.

Mkufunzi wetu alikuwa mama wa makamo, mkutubi wa siku nyingi. Hakutusomea hotuba. Alitugawa wawili wawili, akampa mmoja wa kila wawili karatasi iliyokunjwa. Katika karatasi kulikuwa na mistari miwili: wa juu ulikuwa maneno anayoyasema msomaji akifika mezani, na wa chini ulikuwa jambo lenyewe analolihitaji. Mwenye karatasi alisema maneno ya juu tu, na mwenzake alipaswa kuligundua lile la chini kwa kuuliza. Mwenzangu aliniambia, "Naomba kitabu cha sukari." Nikamwelekeza mara moja kwenye vitabu vya kilimo, namba 630, nikaona fahari kwa kuikumbuka namba. Akatabasamu, akaifungua karatasi. Mstari wa chini ulisema: "Mtoto wangu amepatikana na ugonjwa wa sukari, nami sijui nimpikie nini."

Tulicheka sana, maana karibu sote tulikuwa tumekosa kwa namna hiyo hiyo. Mkufunzi alituacha tucheke, kisha akatueleza kwamba jambo hili si geni. Tangu mwaka 1876 mkutubi Mmarekani Samuel Green, wa mji wa Worcester, aliandika juu ya haja ya wakutubi kuzungumza na wasomaji wao na kuwasaidia, badala ya kuwaacha peke yao mbele ya vitabu. Mwaka 1968 Mmarekani mwingine, Robert Taylor, alieleza kwamba haja ya mtu hupita katika madaraja manne. Kwanza huwa ni wasiwasi wa moyoni usio na maneno. Pili huwa ni wazo ambalo mwenyewe bado hajaweza kulipanga. Tatu huwa ni swali kamili. Nne huwa ni swali lile lile, lakini limepunguzwa na kugeuzwa ili lilingane na vitu ambavyo mtu anadhani maktaba inavyo. Mkutubi husikia lile la nne tu. Akilijibu hilo bila kuuliza, huenda akajibu jambo ambalo msomaji hakulitaka kabisa.

Kisha alitupa kanuni tano, nasi tukaziandika. Kwanza, msomaji akija acha unalofanya, umtazame na kumwamkia kwa heshima impasayo umri wake. Pili, usimuulize swali la kujibiwa ndiyo au siyo, mwambie, "Tafadhali nieleze zaidi." Tatu, usikisie, hata ukidhani umekwisha kuelewa. Nne, rudia haja yake kwa maneno yako, naye akubali au akusahihishe. Tano, baada ya kumpa kitu, mfuate alipoketi umuulize kama hicho ndicho alichokitafuta. Akaongeza onyo kwamba mkutubi si daktari wala si wakili. Kazi yake ni kumpatia mtu maandishi sahihi na kumwonyesha mwenye ujuzi, na siri ya msomaji isitoke mezani. Mwisho alitutaka tuahidi kwamba kila mmoja wetu atawafundisha watumishi wa maktaba yake. Nilinyosha mkono kama wengine, ijapokuwa sikuwa na hakika kwamba nitafanya.

Nilirudi Kisii na cheti changu katika bahasha. Siku chache zilipita nikiiona ahadi ile kama deni, hata nikamwomba mkuu wangu saa moja ya Ijumaa asubuhi kabla ya kuwafungulia wasomaji, naye akakubali. Niliwaalika watumishi wote, pamoja na askari wa mlangoni na dada anayefanya usafi. Wenzangu wawili walishangaa, wakasema mafunzo ya wakutubi si ya mfagiaji. Nikawajibu kwamba wageni wengi humuuliza askari kabla ya kutuuliza sisi. Tukakunja karatasi zetu, tukafanya kama nilivyofanyiwa Mombasa, na watu wakacheka kama tulivyocheka huko.

Katika kile kicheko yule dada wa usafi alisema, "Hata yule mama wa gazeti alikuwa hivyo." Nikamuuliza mama gani. Akasema, "Yule aliyekuja kutafuta gazeti, siku ya mvua kubwa. Alipotoka alisimama barazani kungoja mvua iishe, akaniambia kwamba mtu mmoja kwao amemwambia jina la marehemu mume wake limetoka katika gazeti la serikali, naye hakuliona. Sikujua kama ni juu yangu kuwaambia."

Nilimkumbuka mama huyo vizuri. Alikuwa amefika majira ya saa nne, amevaa kitambaa kichwani na viatu vyenye udongo wa barabara ya shamba, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mna magazeti ya juma hili na ya juma lililopita?" Nikamwambia tunayo. Nikainuka mwenyewe, nikamletea magazeti yote ya kila siku, nikamwekea juu ya meza. Aliketi muda wa saa mbili akifungua ukurasa baada ya ukurasa, kidole chake kikifuata mistari, kwa maana hasomi upesi. Kisha aliyakunja yote vizuri, akayarudisha, akanishukuru, akatoka. Nami nilimhesabu katika daftari kuwa msomaji aliyehudumiwa. Naam, siku ile nilijiona nimetenda kazi njema.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Katika Kenya, mtu akiomba mahakamani apewe usimamizi wa mali ya marehemu, kwa kawaida tangazo hutiwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka Ijumaa. Yeyote mwenye sababu hupewa siku 30 za kuweka pingamizi. Gazeti hilo si lile linalouzwa barabarani kwa ajili ya habari za siasa na mpira, lakini kwa Kiswahili yote mawili twayaita gazeti. Mama yule alitumia neno sahihi kabisa. Mimi ndiye nililisikia kwa maana niliyoizoea, na maana nyingine haikunipitia akilini hata kidogo.

Baada ya mafunzo yetu kwisha sikuweza kufanya kazi nyingine. Yule dada alilikumbuka jina la marehemu. Nikafungua kompyuta ya maktaba, ambayo iko hatua nne tu kutoka mezani pangu, nikaingia katika mtandao wa Kenya Law, unakowekwa Gazeti Rasmi ili kila mtu asome bila malipo. Sikutumia hata nusu saa. Jina lilikuwamo, kwa herufi ndogo za Kiingereza, na mwombaji alikuwa mtu mwenye jina la ukoo ule ule. Nikafungua daftari la mahudhurio nitazame mama alikuja lini. Alikuja Jumanne, siku ya 11 baada ya tangazo. Siku 19 zilikuwa zimesalia alipoketi mbele yangu. Ijumaa ile niliyokuwa nikiwafundisha wenzangu ilikuwa siku ya 42.

Yule dada alijua kwamba mama huuza ndizi Keroka, mji ulioko mpakani mwa Kisii na Nyamira. Siku ya soko iliyofuata tulikwenda pamoja. Tulimkuta ameketi nyuma ya mikungu mitatu, nikamwamkia kwa Ekegusii na kumpa heshima yake, nikamwambia mimi ni nani. Alinitambua. Akasema bila hasira, "Mwanangu, siku ile ulinipa magazeti mazuri, lakini yalikuwa ya mpira na ya wakubwa. Jina la mzee wangu halikuwamo." Sikuwa na neno la kujibu. Nilimpa nakala ya ukurasa niliouchapa, nikamwonyesha mstari wenyewe, nikamsomea polepole na kumfasiria. Alipolisikia jina la shemeji yake alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na siku hizo 30 zimekwisha?" Nikamwambia zimekwisha.

Nilipenda kumfariji kwa kumpa shauri, lakini nikaikumbuka ile kanuni kwamba mimi si wakili. Nilichoweza kufanya ni kumletea maandishi. Nilimsomea Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, mahali inapomtanguliza mume au mke aliyebaki hai miongoni mwa wanaostahili kupewa usimamizi wa mali ya marehemu asiyeacha wosia. Nikamsomea pia kifungu cha 76, kinachoiruhusu mahakama kuibatilisha hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha jambo kubwa, hata baada ya hati hiyo kutolewa. Nikamweleza juu ya FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake chenye ofisi Kisumu, na juu ya huduma ya msaada wa kisheria iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mengine akayapeleka kwa watu wanaoyajua.

Kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa, lakini ulikuwa mwembamba zaidi. Pingamizi lililowekwa ndani ya siku 30 humzuia mwombaji kabla hajapewa hati. Kuibatilisha hati iliyokwisha kutolewa ni shauri refu lenye viapo na mashahidi. Mpaka ninapoandika haya mama huyo amekwenda mahakamani mara nne, na kila safari humgharimu nauli na siku moja ya biashara. Shauri lake halijaamuliwa, wala mimi sijui litaamuliwaje. Huenda mahakama ikampa haki yake yote. Hata ikimpa, miezi hii ameilipa yeye, kwa ajili ya swali moja ambalo mimi sikumuuliza.

Mtu wa mbali aweza kusema kwamba hilo ni jambo dogo la shamba moja. Sisi wa huku hatuwezi kusema hivyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira, wote juu ya vilima ambavyo mashamba yake yamegawanywa baba kwa mwana, hata mengine yamebaki mistari michache ya chai na migomba ya kuzunguka nyumba. Mjane akiondolewa katika kipande chake hana kingine cha kwenda. Kwa watu kama hao mistari minne katika Gazeti Rasmi ina uzito kuliko kitabu chochote nilichonacho katika makabati yangu.

Tangu wakati huo tumefanya mabadiliko machache. Kila Jumatatu tunachapa kurasa za Gazeti Rasmi zenye matangazo ya mirathi kutoka mahakama za upande wetu, Kisii, Nyamira, Ogembo na Keroka, tunazibandika ubaoni karibu na mlango. Askari amefundishwa kumwonyesha mgeni ubao huo na kumleta mezani akitaka kusomewa. Na mtu akiomba gazeti, tunamuuliza kwa upole, "Unatafuta habari gani ndani yake?" Wengi hutaka mpira kweli, nasi tunawapa. Lakini wawili wamekwisha kukuta majina ya wazee wao siku zikiwa bado zimesalia.

Nina maneno mawili ya kuwaambia wahusika. La kwanza ni kwa wakubwa wanaochagua watu wa kwenda mikutanoni. Msiwapeleke wakuu wa ofisi peke yao kila mwaka, kwa kuwa msomaji hamfikii mkuu wa ofisi. Humfikia karani wa mezani, na kabla yake askari. Wala msipime faida ya safari kwa vyeti vilivyoletwa. Mwulizeni aliyerudi, "Umemfundisha nani?" La pili ni kwa wenzangu. Tunapokwenda katika mafunzo, twende na jambo moja lililotushinda maktabani, tukaliweke mbele ya wenzetu. Na tunaporudi tusilale na tulichopewa. Kama nisingaliwakusanya watu wale Ijumaa ile, pamoja na mfagiaji, hata leo mama yule angalikuwa katika daftari langu kama msomaji aliyehudumiwa vema.

Nawe ndugu msomaji usiye mkutubi, nina ombi kwako pia. Ukifika maktabani na mtumishi akakuuliza maswali mawili matatu kabla ya kuinuka kitini, usidhani anakupeleleza au anakuchelewesha. Mweleze shida yako kama ilivyo, hata ukiona si jambo la vitabu. Na ikiwa amekupa kitu nacho sicho, tafadhali usikikunje na kumshukuru na kuondoka. Mrudie umwambie sicho.